Siombi, Naota Moto

Alhamisi iliyopita tulimzika Mama Nyambura, na katika mazishi yote yale hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwombea. Usinielewe vibaya. Waliomba, tena kwa vipaza sauti ambavyo nadhani vilisikika hadi kituo cha basi cha Kawangware 56. Waliwaombea watoto wake, wajukuu wake, wapishi waliokuwa wakipakua wali nyuma ya nyumba, hata madereva walioleta wageni. Ila yeye mwenyewe, aliyelala pale mbele yetu ndani ya sanduku, aliachwa. Mhubiri alikuwa kijana wa suti ya buluu, na alitueleza sababu bila kuulizwa. "Sisi hatuombei marehemu," alisema. "Mama amemaliza kazi yake. Hakuna cha kuongeza, hakuna cha kupunguza." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha plastiki cha nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, mkono uko ndani ya mkoba na kidole kimeshika punje moja ya rozari. Mama mmoja wa kando yangu, mwenye kitambaa cheupe kichwani kama wenzake wa kanisa lile, aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia, "Nilikuwa nikimsomea." Alitabasamu kwa adabu, kisha akasogeza kiti chake kidogo. Kabla sanduku halijabebwa, Nyambura, bintiye marehemu, ambaye sasa naye ni bibi wa mvi, alipita akanishika bega. "Konso, usiende kabla hatujaongea. Kuna neno Mama aliniachia nikupe." Basi nikangoja, na katika kungoja huko nikaurudia mwaka mzima kichwani.

Mambo ya ukoo wetu nitayaacha, maana kila mtu ana ukoo na wote hufanana ukikaribia. Mwaka ninaoutaka mimi ni ule nilipokuwa na miaka ishirini, na unaanzia Lindi, mtaa mmoja wa Kibera hapa Nairobi, katika chumba cha mabati nilichoishi na kaka yangu Patrisi. Patrisi alikuwa fundi wa makochi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, na nusu yake ilijaa sponji, vipande vya velveti, na fremu za makochi ambazo bado hazijavaa nguo. Hatukuwa na kitanda. Tulilala kwenye makochi ya wateja yaliyokuwa yakingoja kuchukuliwa, mimi kwenye la watu watatu, yeye kwenye la wawili, miguu ikining'inia. "Sisi ni mabwanyenye," alikuwa akisema, tumekaa kwenye velveti nyekundu tunakula ugali na omena, vile vidagaa vya ziwani. Kanisani alikuwa ameacha kwenda zamani. Alikuwa ameishi na mwanamke bila ndoa ya kanisa, mwanamke akaondoka, na Patrisi akaona haya kurudi. Lakini kila Jumapili, sikiliza basi, kila Jumapili ya mvua huyu mtu asiyeenda Misa alinisindikiza mimi niende. Lindi wakati wa mvua ni matope tupu, na huwezi kuingia kanisani na matope. Nilivaa gambuti, yeye akabeba viatu vyangu vyeupe kwenye mfuko wa karatasi na chupa ya maji mkononi. Tukifika darajani ambako njia nzuri inaanzia, ananiinamia, ananiosha miguu, ananivisha viatu, kisha anarudi nyumbani na gambuti zangu chini ya kwapa. "Nisalimie huko ndani," ananiambia. Nilikuwa nikicheka tu.

Mwanzo wa mwaka ule kichomi kilimshika, na kabla hatujajua ni kitu cha kutisha, alikuwa amefariki hospitalini alfajiri, bila kuungama, bila mpako wa wagonjwa, bila padre. Wajomba walikuja wakapanga safari ya kumrudisha nyumbani, Magharibi ya Kenya. Nikafunga nguo zangu. Nikaambiwa nizifungue. Gari halikuwa na nafasi, na zaidi ya hapo, nani angelinda chumba? Kila mtu wa Lindi anajua kwamba chumba kikikaa bila mtu, ukirudi utakuta kina mtu mwingine, na makochi yale yalikuwa ya wateja. Kwa hiyo mimi, dada yake wa pekee aliyekuwa Nairobi, nilimpungia mkono kaka yangu akiwa juu ya gari, nikarudi kulinda sponji. Kwetu, mtu akifa, moto huwashwa nje, katika uwanja wa nyumba yake. Tunauita magenga. Watu hukaa kuuzunguka mpaka azikwe na siku kadhaa baadaye, na hapo hawalii tu. Wanamtaja, wanasimulia ujinga wake, wanacheka, wananyamaza, mtu anasukuma gogo ndani. Nilijua kwamba huko nyumbani moto umewashwa na watu wasiomjua Patrisi kama mimi wamekaa kuuzunguka. Nikawasha jiko la mafuta, nikakaa mbele yake nikiwa peke yangu kwenye kochi la watu watatu. Nilijaribu kumtaja, lakini kumtaja mtu mbele ya ukuta wa mabati ni kazi ngumu, na majirani walidhani ninaumwa. Mafuta yakaisha.

Shangazi aliporudi kutoka mazishini alinieleza yote. Padre hakuja kuzika, kwa sababu hapakuwa na barua ya jumuiya kuonyesha kwamba Patrisi alikuwa Mkristo anayehudhuria. Alikuja katekista wa pale kijijini, akasoma sala fupi. Watu walipomuuliza roho ya kijana iko wapi, alisema, "Huyu tumwachie Mungu." Shangazi alilisema neno hilo huku akipepeta mchele, bila ubaya wowote. Lakini mimi nilibaki nalo. Tumwachie Mungu! Kwa hiyo sisi tunaachilia? Mtu aliyenibebea viatu mvua zote zile, mimi nimwachilie tu, niseme mpaka siku nyingine? Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilichotaka kujua kilikuwa kimoja tu, na kikawa ndicho shida yangu ya mwaka mzima: Patrisi yuko wapi, na kuna kitu ninaweza kumfanyia, au mambo yameisha?

Wateja walipochukua makochi yao, chumba kikawa kikubwa hadi kikanitisha. Nikasikia kwamba kuna mama mwenye ploti Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, ameanguka akaumia nyonga, anatafuta msichana wa kukaa naye. Huyo ndiye Mama Nyambura. Alikuwa Mkikuyu wa pale pale, watu wake walikuwa pale kabla hapajaitwa mji, mjane mwenye nyumba ya mawe mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Nyumba ile ilikuwa na sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, juu ya viti, juu ya redio, hata juu ya chupa ya chai, na picha za watu wote wa familia zimepangwa ukutani, isipokuwa sehemu moja karibu na dirisha ambapo palikuwa na msumari bila picha. Nilipanguza vumbi pale mara nyingi, nikauzunguka ule msumari. Alinifundisha kupika mukimo wa viazi vya kuponda, nikamfundisha kula mrenda, akasema, "Haiya, Konso, hii mboga inateleza kama uwongo." Lakini aliimaliza sahani. Alikuwa mkali, alikuwa mcheshi, na alikuwa mpweke kiasi kwamba alikuwa akiiongelesha redio. Mtangazaji akisema habari za jioni, yeye anajibu, "Nzuri, na wewe?"

Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo kazi yangu ya jioni, baada ya chai, ilikuwa kumsomea Biblia. Hakuhitaji sana kusomewa. Alikuwa anaijua. Nikiruka mstari, fimbo inagonga sakafu: "Rudi nyuma, umeacha mtu njiani." Siku za Jumatano akina mama wa kanisa lake walikuja kuomba naye, na mimi nilikuwa jikoni nikikaanga mandazi, mlango uko wazi, nasikia kila kitu. Siku moja walianza kutusema sisi Wakatoliki. Mmoja alicheka kabisa. "Eti wanaombea maiti! Si maji yakimwagika hayazoleki? Mti ukianguka, pale umeanguka ndipo utalala. Imeandikwa." Nilisimama na kijiko mkononi. Nilimwona Patrisi ameanguka kama mti, amelala pale, na watu wanapita. Nilitaka kusikia Mama Nyambura anasema nini, kwa sababu yeye alikuwa na neno kwa kila jambo. Nilisikia kikombe chake tu kikirudi kwenye kisosi. Mandazi yaliungua, na hakunigombeza.

Jioni ile nilimuuliza waziwazi. "Mama, kwani ni kweli hakuna toharani, pale roho husafishwa?" Akasema, "Wewe ndiye Mkatoliki. Nionyeshe mahali imeandikwa. Kwa kitabu yangu, si kwa mdomo yako." Nilikumbuka kutoka mafundisho ya Kipaimara kwamba iko katika kitabu cha Wamakabayo. Nikachukua Biblia yake nikaanza kupekua kwa ujasiri wote. Nilipita Esta, nikapita Ayubu, nikarudi, nikaenda mpaka Malaki, nikaingia Matayo, nikarudi tena. Wamakabayo hawakuwepo. Nilitazama mshono wa kitabu nione kama kuna kurasa zimetoka. Nilifikiri labda panya. Mama Nyambura alikuwa anasikia kurasa zikienda na kurudi, na uso wake ulikuwa unafurahi waziwazi. "Tafuta, tafuta. Kitabu haina miguu." Mpaka leo ninaona aibu ile ikinipanda masikioni. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Biblia ya kwao ina vitabu vichache kuliko yetu. Niliona kwamba tegemeo langu lote lilikuwa katika kitabu ambacho labda nilikiota.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kibera kumtafuta katekista wetu, Mzee Gervas, ambaye alikuwa akiishi karibu na lile daraja. Alikuwa mtu wa polepole, alipenda kufikiri huku akimenya karanga. Nikamweleza yote, Patrisi, mti ulioanguka, Wamakabayo waliopotea. Alicheka kidogo kuhusu panya. Akanifungulia Biblia yake, akanionyesha kitabu cha pili cha Wamakabayo. Wanajeshi wa jemadari Yuda wameuawa vitani, na wakati wa kuwazika wanakutwa na hirizi za miungu mingine chini ya nguo. Walikufa na makosa yao kifuani. "Je, Yuda alisema tuwaachie Mungu twende zetu?" Mzee Gervas akaniuliza. "Alikusanya mchango akapeleka Yerusalemu watolewe sadaka, kwa sababu alitumaini watafufuka. Mtu asiye na tumaini haombei wafu, angejisumbua ya nini?" Akanionyesha pia pale Yesu anaposema kuna dhambi isiyosamehewa hapa wala katika ulimwengu ujao, akasema hapo wazee wa Kanisa walielewa kwamba basi kuna zinazosamehewa huko. Nikamuuliza kama Patrisi yuko motoni. Akaweka karanga chini. "Konso, Kanisa halijawahi kusimama likasema fulani yuko jehanamu. Moyo wa mtu dakika ya mwisho, wewe unaujua? Mimi siujui. Na toharani si jehanamu ndogo, watu wanakosea hapo. Anayefika toharani ameshaokolewa. Ana matope tu." Akanyoosha kidole dirishani, kule darajani. "Umetoka Lindi mvua imenyesha, umealikwa nyumba safi. Mwenyewe hutaki kuingia hivyo. Unasimama hapo kwanza."

Nilitoka nikaenda nikasimama darajani, na watu walikuwa wanapita, wengine wanaosha viatu vyao kwenye ndoo. Nilijiona mimi nimeinama, na Patrisi amesimama na matope yake, na mimi ndiye mwenye chupa ya maji. Nililia hapo mbele za watu wote. Mwanamke mmoja muuza samaki aliniuliza kama nimeibiwa. Nikasema hapana, na hiyo ilikuwa kweli kabisa.

Kabla sijaondoka, Mzee Gervas alikuwa amenipa neno la mwisho: kwamba kwa Mama Nyambura nisibishane kwa kitabu asichokuwa nacho. "Msomee cha kwake," alisema. "Wakorintho wa kwanza, sura ya tatu. Hiyo haijaliwa na panya." Lakini kabla sijaisoma, likatokea jambo. Mzee mmoja muuza makaa, aliyekuwa amehama miaka mingi, alipita mlangoni akapiga kelele kwa furaha, "Mama Njoroge! Kumbe bado uko?" Nikamwambia hapa ni kwa Mama Nyambura. Mzee akanitazama, akamtazama mama aliyekaa kwenye kiti chake barazani, akashika kofia yake. "Ee," akasema, "Mama Nyambura," na akaondoka upesi na mkokoteni wake. Chai ya Mama ilipoa mbele yake mpaka ikafanya utando. Nilimuuliza, "Njoroge ni nani?" Akasema, "Funga mlango, kuna baridi." Ulikuwa mwezi wa saba na baridi ilikuwepo kweli. Lakini nilianza kuelewa. Mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nyambura alikuwa wa pili. Kuna mtu aliyetolewa ukutani, na akatolewa hata katika jina la mama yake.

Jioni ile nikafungua Wakorintho. Nilimwambia, "Mama, hii iko kwa kitabu yako." Paulo anasema msingi ni mmoja, lakini watu hujenga juu yake kwa vitu mbalimbali, mwingine dhahabu, mwingine mbao, nyasi, mabua. Siku itakuja, moto utapima kazi ya kila mtu. Na yule ambaye kazi yake itateketea atapata hasara, lakini yeye mwenyewe ataokolewa, ila kama mtu aliyepita motoni. Fimbo ikagonga. Nilifikiri nimeruka kitu. "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia tena. Akasema, "Huyo Paulo amekaa ploti." Akanieleza kwamba vyumba vya nyuma zamani vilikuwa vya mbao, na moto ulivipitia mchana mmoja, vyote vikaisha, na yeye alitoka kwenye mlango wa mwisho kitambaa cha kichwa kinawaka, akiwa hai, bila kitu. Kilichobaki chini kilikuwa simenti ya msingi tu, ikiwa moto kama sahani. Akajenga tena juu yake. Nilifikiri hadithi imeisha. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Njoroge alijenga na nyasi, Konso. Ile pombe yote, ilikuwa nyasi. Siku ya kumzika, mhubiri alisoma ule mti ulioanguka, mbele yangu. Watu wakaniambia nisahau. Wakaanza kuniita Mama Nyambura, wakidhani wananisaidia, na mimi nikaitika." Akageuza uso wake kwangu, macho yale yasiyoona vizuri. "Lakini msingi mimi niliuweka. Nilimpeleka kanisani abatizwe akiwa mtoto wa shuka. Msingi si ulikuwa?" Nikasema, "Ulikuwa, Mama." Akalia kama watu wazima wanavyolia, bila sauti, mabega tu. Miaka yote ile yeye hakuwa na hata punje moja ya rozari ya kushika. Mimi nilidhani ndimi niliyekuwa peke yangu Nairobi nzima.

Baada ya siku chache aliniuliza kuhusu magenga. Nilikuwa nimewahi kumsimulia, nikidhani hasikilizi. Fundi alikuwa anarekebisha paa la vyumba, na Mama akamwambia aache mabaki yote ya mbao katikati ya uwanja. Jua lilipoanza kushuka akaniambia nimtolee kiti nje, niwashe. Wapangaji walitoka mmoja mmoja wakinyoosha mikono kuota. Wengi wao walikuwa watu wetu wa Magharibi, mafundi na wauza mboga, na mmoja, Wekesa wa cherehani, akautazama moto, akanitazama mimi, akavua kofia. "Mulembe, dada. Nani amefariki?" Tangu mwaka uanze, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nikawaambia. Niliwasimulia Patrisi na makochi ya velveti, Patrisi na omena, siku aliposhona kochi akaishona na suruali yake humo humo, akasimama na kochi likasimama naye. Walicheka mpaka wakashika mbavu, watu ambao hawakuwahi kumwona, na mimi nikacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nikawasimulia viatu, na hapo hawakucheka. Wekesa alisukuma ubao ndani ya moto. Wakati huo ndipo yule mama wa maji yasiyozoleka alipopita getini akitoka sokoni, akasimama akiwa na kapu lake. "Mama Nyambura! Haiya! Ni nini hii mnafanya, mnaombea wafu?" Mama Nyambura hakugeuka. Alisogeza mikono yake karibu zaidi na moto. "Siombi," akasema. "Naota moto." Yule mama akaguna akaenda zake. Mbao zikalia motoni. Kisha Mama akasema, akiuambia moto, "Njoroge alikuwa anapenda viazi vya kuchoma. Alikuwa anaviiba vikiwa bado vibichi ndani." Mtu mmoja akaenda chumbani kwake akarudi na viazi, akavifukia kwenye majivu. Tulivila vikiwa vibichi ndani.

Novemba ilipofika, siku ya Marehemu Wote, nilikwenda Misa Kibera. Sikuwa na wa kunisindikiza. Nilijioshea miguu darajani mwenyewe. Katika sala za waamini padre aliacha nafasi watu wataje majina ya marehemu wao, na kanisa likajaa majina kutoka kila kona. Nikasema, "Patrisi." Kisha nikavuta pumzi nikasema kwa nguvu, "Njoroge wa Kawangware." Watu wawili watatu waligeuka, kwa sababu jina la Kikuyu kwenye benchi letu halikuwa la kawaida. Wote tukaitikia, raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Niliporudi Mama alikuwa ameketi sebuleni bila redio. Hakuniuliza Misa ilikuwaje. "Uliisema kwa sauti?" Nikasema kwa sauti. "Walisikia?" Walisikia. "Haya, weka chai," akasema. Kesho yake nilipopanguza vumbi, kwenye ule msumari kulikuwa na picha ya kijana amevaa sare ya shule, anakodoa macho kwa sababu ya jua. Krismasi haikufika kabla Nyambura hajaja kumchukua mama yake akae kwao, na mimi nikarudi Lindi na mfuko wangu. Tulitembeleana miaka mingi, kisha mara chache, kisha nikawa nasikia tu habari zake.

Hayo yote yalinipitia pale kwenye kiti cha plastiki. Tuliporudi kutoka makaburini, watu wakala, wakaanza kupungua, vijana wakakunja hema. Nyambura akaja na vikombe viwili vya chai akaketi karibu nami kwa kuchoka. "Konso, sijui kama ni neno au ni homa. Siku za mwisho alikuwa anachanganya mambo. Hata alikataa tumwite Mama Nyambura, unaamini? Mbele yangu mimi Nyambura!" Alicheka kidogo, macho yamejaa machozi. "Aliniambia, 'Usisahau. Mwambie Konso huko ninakoenda nitasikia baridi.' Nikamwambia Mama, mbinguni hakuna baridi. Akasema, 'Wewe mwambie tu.' Sasa nimekwambia. Unaelewa maana yake?" Nilitazama chai yangu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini sikutegemea kulisikia hilo. Mama aliyenisikiza nikipekua kitabu chote akacheka, aliyesema mpaka mwisho kwamba haombi. Nikamwambia Nyambura, "Naelewa." Hakuniuliza zaidi, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumweleza mbele ya vitambaa vyeupe vile vyote.

Nikarudi Lindi jua likiwa bado liko juu ya mabati. Siku hizi ninaishi peke yangu, chumba si kile, lakini matope ni yale yale. Nikatoa jiko nje ya mlango, nikalijaza makaa mpaka juu, nikalipepea, nikaweka viazi viwili kandokando, nikavuta kigoda. Nikaanza kusimulia taratibu, jinsi alivyokuwa akimjibu mtangazaji wa redio, jinsi alivyousema mrenda huku akiimaliza sahani. Jirani yangu, mama kijana wa mlango wa pili, alitoka na sufuria yake akasimama kunitazama mimi, bibi mzima, nikiongea peke yangu. "Shosho, unapika nini leo na makaa yote hayo?"

"Sipiki," nikamwambia. "Ninaota moto na Mama Njoroge. Vuta kigoda."